Ukingo wa Bakuli

Siku Mwanakombo aliposhinda shindano la dunia la vyombo vya mezani, Wete nzima ilipiga vigelegele. Kila mwaka chombo kilichoshinda ndicho pekee watu wote duniani walichoruhusiwa kutumia, na vingine vyote vilikusanywa vikasagwa. Safari hii lilikuwa bakuli lake la udongo, la mtu mmoja, lenye ukingo uliosimama wima. Lilimjua mwenyewe, na mkono mwingine ukitia au ukitoa kitu lilipiga kelele hadi mtaa wa pili. Majaji walilisifu mno: hakuna tena atakayepunjwa chakula chake.

Gari lilipokuja kukusanya vyombo, mama yake, Bi Mize, alilitoa sinia la nyumbani.

Mchana wakaketi mkekani, kila mtu na bakuli lake la wali na samaki, changu wa kupaka. Tangu utotoni Mwanakombo hakuwahi kuomba mnofu. Mama ndiye aliyekuwa akiusukuma kwa kidole juu ya wali, taratibu, mpaka upande wake wa sinia, huku akitazama kando kana kwamba samaki kajiendea mwenyewe.

"Kula, mwanangu," alisema Bi Mize, akatazama kando. Kidole kikausukuma mnofu hadi ukingoni, ukagota. Akausukuma tena.

"Mama, haupiti," Mwanakombo alinong'ona.

"Najua. Ni mkono tu, umezoea."

Na mkono ukaendelea kusukuma.