Muda wa Kutengana

"Hapa pameandikwa kutengana," inspekta alisema, akigonga karatasi kwa kidole. "Nani anatengana na nani?"

Keynan, mfanyabiashara wa ng'ombe wa Garissa, alikuwa amekalishwa sakafuni kituoni, pingu mikononi. Asubuhi hiyo inspekta na askari wake, wakiwasaka waasi wa shifta, walikuta karatasi arobaini nyumbani kwake, zimejaa herufi na hesabu, maelezo yote kwa Kiingereza. "Ni zangu," alisema kabla hawajauliza. Dada yake Saynab alifungua kinywa. Keynan akamkemea kwa Kisomali, naye akarudi nyuma.

"Ni nyuzi mbili, afande," alijibu sasa. "Zimo mwilini mwa kila kiumbe, zimesokotana kama kamba. Zikipata joto, zinaachana kidogo kidogo. Hesabu hiyo inatafuta zitachukua muda gani."

"Na hizi A, T, G, C? Ni vikosi?"

"Ndizo zinazoshikanisha nyuzi." Keynan hakuitazama karatasi. "A hushikana na T, hizo huachia upesi. G na C zimekazana zaidi, huchelewa."

Inspekta alifunua kurasa hadi ya mwisho. Hakuwa mtu mkali. Kabla ya upolisi alikuwa mwalimu wa hesabu, na alichosikia kilimwingia akilini.

"Hii haijamalizika," alisema. Akasogeza penseli. "Andika mstari unaofuata. Mmoja tu. Nitajua wewe ni msomi, na utarudi kwako leo."

Keynan aliitazama penseli. Nje, lori la wafungwa lilikuwa limeshawashwa.

"Siwezi, afande."

"Huwezi au hutaki?"

"Andika kwamba ni siri za shifta. Ni zangu peke yangu. Wallahi, hakuna mwingine."

Mwaka ule wa 1966, aliyekiri neno kama hilo hakurudi, na wote wawili walilijua hilo. Mwishowe inspekta aliandika hivyo, akamsomea, akaiweka karatasi mbele yake.

"Tia sahihi."

Keynan aliomba wino. Akachovya kidole gumba, akakibonyeza chini ya maandishi.

Inspekta aliikodolea macho ile alama. Kisha akachukua kofia yake mezani.

"Huyo dada yako," aliuliza, "alisomea wapi?"