Dakika ya Mkwe

“Minti,” alisema Yeshimebet.

“Minit,” Hirut akamrekebisha. “Wani minit, plizi. Tena, mama.”

Yeshimebet akarudia, jasho likimtoka kama anayepandisha gunia mlimani. Miaka sitini na mitatu ulimi wake ulikuwa umetosheka na Kiamhara. Lakini leo ilikuwa Jumapili, saa kumi kasoro, na saa kumi kamili mwanawe Ashenafi angepiga simu kutoka Amerika. Kitandani nyuma yao, mumewe Tessema alikuwa akiitafuta kila pumzi.

Tessema alikuwa amemkana Ashenafi tangu kijana huyo aliposhindwa kuja kumzika kaka yake. Miaka minne hakutaka hata jina lake litajwe, ndiyo maana Yeshimebet alizungumza na mwanawe kwa kujificha, nyuma ya zizi la kondoo, simu kaibana sikioni. Sasa padri wao wa kitubio alikuwa amesema wazi: hampi mgonjwa komunyo ya mwisho akiwa na kinyongo na damu yake mwenyewe. Siku tatu zilizopita Tessema alikubali. Atasamehe, kwa kinywa chake.

Shida ilikuwa mkwe. Kila Jumapili, mazungumzo yakikolea, yule mwanamke wa Kizungu alijitumbukiza na Kiingereza chake, sauti kavu, haipandi haishuki. Katikati alitaja hiyo “minit”, na punde, robo saa ikitimia, simu ilikatika. Miaka yote hiyo hakuwahi kumsalimu mama mkwe wake hata kwa bahati mbaya.

“Huyo mke kamkalia mwanao kichwani,” walisema majirani. “Hata mazishini kamkataza!”

Ashenafi hakubisha. “Usimlaumu, mama,” alisema siku moja. Nyuma yake wanaume walikuwa wakipayuka na milango ya chuma ikigongana, kawaida ya ghala alilosema anafanyia kazi. “Hata mimi hanisikilizi.”

Leo atasikiliza, Yeshimebet aliapa. Siku tatu mfululizo alikuwa amemng’ang’ania jirani yake Hirut, anayetembeza watalii mjini Gondar, amfundishe kuomba dakika moja tu. Binadamu gani atakunyima dakika?

Simu ikaita. Hirut akaifungulia sauti ili mgonjwa asikie, akaiweka juu ya mto.

“Baba?”

Tessema alianza kwa kulia. Alilia mpaka Yeshimebet akatamani kumziba mdomo, maana muda ulikuwa unaliwa na machozi. Kisha wakaulizana za shamba, za kondoo, za kifua, kila jibu likingoja pumzi. Robo saa ilikuwa inakaribia kuisha.

“Ashenafi,” mzee akasema hatimaye, “mimi baba yako, mbele ya Mungu na mbele ya mama yako…” Kikohozi kikamkaba.

Hapo mkwe akaingia.

Yeshimebet aliidaka simu kwa mikono miwili. “Plizi!” alipaza sauti. “Wani minit! Wani minit, plizi!”

Neno lilitoka sawasawa. Mwanamke aliendelea na yake kama hasikii, kisha akanyamaza. Yeshimebet alidhani analainika. Akapiga magoti pale chini.

“Mama!” Ashenafi aliita. “Mama, mrudishie baba simu!”

“Nyamaza wewe, naongea na mkeo! Wani minit, mwanangu! Nakuangukia miguuni, plizi, wani minit!”

“Mama, nakuomba! Mpe baba!”

“Asikate tu! Mwambie asikate!”

Aliomba hivyo, kwa Kiingereza, kwa Kiamhara, kwa machozi, mpaka simu ikakatika.

Tessema aliunyosha mkono kuitafuta, ukamwangukia kifuani. Midomo yake ilikuwa bado inatafuta sentensi yake, lakini pumzi ya kuimalizia haikuwepo. Yeshimebet alimgeukia mwalimu wake.

“Nimelikosea?”

“Hujalikosea, mama.” Hirut alikuwa amekaa sakafuni, uso umempauka.

“Basi mbona hana huruma? Kasemaje yule?”

Hirut alishindwa kumtazama.

“Yule si mtu, mama. Ni sauti ya kanda. Inasema simu hii imepigwa na mfungwa, kutoka gerezani, na kwamba imewabakia dakika moja ya kuzungumza.”