Kompyuta ya Vipande

Mzee alikuwa ameshafika mlangoni na boksi la kompyuta mikononi alipogeuka ghafla, akalirudisha mezani.

"Umesema kuna namna nyingine," alimwambia Suzana, fundi wa duka la Sameer pale Shinyanga mjini.

"Ipo. Tunanunua vipande, tunaunga. Ni nafuu, na kwa michezo inakuwa na nguvu kuliko hii ya tayari. Ila vifaa vinatoka Dar kidogo kidogo."

"Itachukua muda gani?"

"Jumamosi nne, labda tano. Ukitaka, nitakufundisha uiunge mwenyewe."

Sameer, aliyeona biashara inamponyoka, aliingilia. "Mzee wangu, chukua ya tayari. Hii ina garantii ya mwaka mzima. Ya vipande ikizima, utamlilia nani?"

Mzee alitoka nje. Akarudi. Akashika boksi, akaliacha, akatoka tena. Aliporudi mara ya tatu alikuwa ametota jasho.

"Ya vipande," alisema.

Alikuwa mchimbaji wa dhahabu kutoka machimbo ya Geita. Tangu siku hiyo alifika kila Jumamosi kwa lori la pamba, vumbi hadi kwenye kope, akaitikia "marahaba, mwanangu" kwa sauti ndogo. Kiti alichopewa hakukikalia. Alisimama, akazunguka meza, akaenda dirishani, akarudi. Ila Suzana alipomkabidhi bisibisi, mikono ile yenye sugu ilitulia.

"Unamnunulia nani?" Suzana alimuuliza Jumamosi ya pili.

"Binti yangu."

"Anapenda mchezo gani? Nijue kadi ya picha ya kuweka."

Mzee alikuna kidole gumba. "Sijui. Wewe ungependa upi?"

"Wa kurusha ndege."

"Basi weka huo."

Suzana alimhurumia mtoto yule, kuwa na baba asiyejua hata anachocheza. Lakini mwanafunzi mwenyewe alikuwa mzuri. Alisikiliza kila neno. Aliuliza pia mengine: ufundi ameusomea wapi, nani alimlipia ada, mama yake hajambo. Suzana alijibu huku akikaza skrubu. Amesoma Mwanza. Mama ndiye aliyelipa, kwa mshahara wa uuguzi, peke yake. Naye hajambo, yuko Kolandoto.

"Mungu ambariki," mzee alisema, akaenda kusimama dirishani kwa muda mrefu.

Jumamosi ya tatu umeme ulikatika saa nne asubuhi, ukarudi saa tisa. Sameer alilalamika mchana kutwa. Mzee hakulalamika.

Ya nne, Suzana alitangaza kwamba leo wanamaliza. Mzee alishtuka.

"Ile kadi sijaielewa," alisema. "Tuichomoe tena."

"Umeiweka vizuri kabisa."

"Tuichomoe, mwanangu. Nifundishe tena."

Waliichomoa. Jioni ikawakuta hawajamaliza.

Jumamosi ya tano hapakubaki kitu cha kuchomoa. Suzana aliwasha. Mashine ikanguruma, kioo kikawaka, na ndege ikasimama mwanzoni mwa uwanja. Mzee aliirusha, ikapinduka na kuanguka. Suzana akacheka, akairusha yeye, ikapaa hadi mawinguni. Mzee hakutazama kioo. Alimtazama anavyocheka.

Sameer alileta kitabu cha risiti, akamwachia Suzana aandike. Hapo ndipo Suzana alipogundua kwamba kwa majuma yote yale alikuwa akimwita "mzee" tu, kama ambavyo yeye, pale dukani, kila mtu alimwita "fundi" tu.

"Samahani, mzee wangu. Niandike jina gani?"

Mzee alivuta kile kiti, akakaa kwa mara ya kwanza.

"Andika Suzana Stanslaus."

Kalamu ilisimama. "Hilo ni jina langu."

"Najua," alisema. "La pili ni langu."