Waya wa Jambiani

"Hebu upime tena," alisema Bwana Darwesh, mkaguzi wa wakunga, na Khelef, fundi wa ofisi ya simu mjini, akabonyeza kitufe. Sindano ya mita ikapanda, ikasimama themanini na mbili. Waya wa Jambiani mzima, hauna kasoro.

"Umeona, Bi Mwanakheir? Na Jumanne ulikuwa mzima vilevile, kitabu kinasema. Wewe hukupiga simu."

"Nimepiga, wallahi!" Bi Mwanakheir, mkunga wa Jambiani, alikunjua kiganja chake. Kilikuwa na malengelenge yaliyopasuka. "Nimeuzungusha ule mkono wa simu toka saa tatu mpaka adhuhuri. Nileteeni gari, mtoto wa watu ananifia! Hakuna aliyeniitikia hata naam."

Malengelenge hata kwa kukuna nazi mtu hupata, alifikiri Khelef.

Huyo mtoto wa watu alikuwa Wanu, mkewe. Mimba ya kwanza mwanamke huzalia kwao, ndiyo ada, basi Wanu alikwenda Jambiani kwa mama yake. Simu ya pekee kule ilikuwa barazani kwa mkunga. Gari ya wagonjwa haikwenda, na alasiri ileile Wanu akazikwa pamoja na mwanawe.

Leo Jumamosi. Khitma ilisomwa jana, na Khelef hajalia. Watu walimpa mkono, akapokea mikono yao kama mtu anayepokea mizigo isiyo yake. Moyo ulikufa ganzi. Chai ya asubuhi hakujua kama ilitiwa sukari. Alilolitaka lilikuwa moja tu: mkunga afukuzwe kazi, ijulikane nani kamuulia mkewe.

Na kwa mambo ya waya nani angembishia? Khelef hodari, jamani, tusimtanie. Sauti za Jambiani zilikuwa zikifika mjini zimefifia, na kwenda na baiskeli maili thelathini na tano kila mara kuujaribu waya ni adhabu. Basi akaunda waya wa bandia: koili na kapasita, kipande kimoja badala ya kila maili, vyote thelathini na tano ndani ya kasha la chai. Umeme ukiingia humo huchelewa kama unavyochelewa nguzoni, hufifia kama unavyofifia nguzoni. Jumatatu akalimaliza. Kutwa akawa anabadilisha, anachomoa huu anachomeka lile: waya wa kweli, kasha, waya wa kweli, kasha. Sindano haikujua tofauti. Alicheka peke yake kwa furaha, mpaka adhana ya magharibi ikamtoa mbio.

Jumanne asubuhi akapima nyaya zote kama desturi, akaandika kwa mkono wake: Jambiani, 82, sawa. Siku za matanga mwenzake akaandika hivyohivyo.

"Labda ulikatika njiani," mkunga alijaribu.

"Fundi Shaame kapita nguzo zote," alisema Khelef, sauti haipandi wala haishuki. "Haukukatika popote. Bi Mwanakheir, mimi nakuamkia shikamoo toka siku niliyooa. Niambie kweli. Ulikuwa wapi?"

Machozi yalimtoka yule mama. "Nilikuwa papo hapo, mwanangu. Mkono mmoja kwenye simu, mmoja nimemshika mkeo."

Bwana Darwesh aliguna, akasukuma karatasi ya kumfukuza kazi. "Tia sahihi, Khelef, wewe ndiye shahidi."

Khelef akatia. Alidhani atasikia nafuu. Hakusikia kitu.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Shaame, fundi wa nguzo, jasho linamchuruzika, amekuja kuchukua koleo.

"Samahanini, wakubwa. Kama mnataka kuupima waya wa Jambiani, leo msijisumbue. Nshaukata pale Tunguu toka saa mbili, tunabadilisha nguzo iliyooza. Uko chini mchangani."

"Yakhe, una wazimu?" Bwana Darwesh akacheka. "Tumeupima sasa hivi." Akabonyeza kitufe mwenyewe.

Sindano ikapanda, ikasimama themanini na mbili.

Khelef akaufuata kwa macho waya uliotoka kwenye mita. Ulipita nyuma ya kitabu, ukashuka ukingoni mwa meza, ukaingia ndani ya kasha la chai.