Simu ya Dalali wa Hisa

Simu iliita wakati fundi cherehani akijaribu kutunga uzi kwenye sindano. Jicho la kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho, na uzi ulipita pembeni tena.

"Shikamoo, baba. Hisa zako zimeshuka tena," alisema dalali wa hisa. "Usipoongeza pesa za dhamana kabla ya saa sita, kampuni yetu itaziuza ili ijilipe mkopo uliozinunulia."

"Marahaba. Umekula lakini?"

Dalali alicheka. "Baba wewe! Hisa zinazama, unaniuliza chakula?" Kisha akashusha sauti. "Mimi nakushauri uache ziuzwe. Riba inakutafuna. Na una nini cha kuongeza, zaidi ya zile pesa za kupasuliwa jicho?"

"Zikiuzwa, kesho utanipigia?"

"Nikupigie ya nini? Tutakuwa tumemalizana."

Fundi alilamba ncha ya uzi, akaisokota. Cherehani ya marehemu mkewe ilikuwa mkabala naye, imefunikwa shuka. Tangu mazishi, hakuna mwingine aliyempigia.

"Na nikiongeza?"

"Bei ikiyumba, lazima nipige."

"Basi naongeza," alisema fundi, akasogeza sindano karibu zaidi na jicho la kulia.