Sauti ya Pili

Likizo nzima Adelfina, mwanafunzi wa kidato cha tano, alijifunza kwa simu nyumbani kwao, kijijini Keza, jinsi sauti nne za wimbo zinavyopangwa. Aliziandika, akazisikia kichwani tu.

"Kemia umeshasoma?" mama yake aliuliza, akimenya ndizi.

"Bado, mama. Niimbie kwanza mstari huu: so, la, so, mi."

Mama aliguna, kisha akaimba bila kuinua macho. Adelfina akaingia na sauti ya pili, chini ya ile ya mama.

Sauti zikakutana, zikaelea juu ya migomba pamoja na ukungu. Adelfina akasisimka, akakatiza wimbo.

Kisu kilikuwa kimesimama katikati ya ndizi. Utomvu ulichuruzika taratibu vidoleni mwa mama.

"Usinyamaze, mwanangu," alinong'ona. "Tuanze tena."