Kilomita Mbili

Binti wa Mahira alikuwa ameshatia mguu mmoja kwenye ngazi ya basi, kiatu kinang'aa kwa rangi, karani alipomzuia kwa mkono.

"Huyu hayumo kwenye orodha, mama. Basi la serikali ni la wanaokaa zaidi ya kilomita tatu kutoka shuleni. Kwenu ni mbili."

Mahira alidhani hakusikia vyema. Yeye ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kukusanya sahihi za kuliomba basi hili.

"Mbili za wapi, mwanangu? Kwa barabara ni kumi na moja."

Karani akamwonyesha ramani kwenye simu. Mstari mwekundu ulitoka nyumbani kwake, ukanyooka juu ya rangi ya samawati, ukafika shuleni. Mahira aliutazama, akautazama tena. Akajishuku: labda miaka yote hii alikuwa akizunguka bure.

"Na hii samawati ni nini?"

"Sijui, mama. Mimi si wa hapa."

Mahira akageuka. Nyuma ya mikoko, mkono wa bahari ulikuwa unajaa maji.

Akachutama, akamvua binti yake viatu, akavifunga pamoja kwa kamba zake. Kisha akaitazama miguu ya karani.

"Vua na wewe, baba. Tuonyeshe njia."